Swali la Kumi na Nne

Lifti ya jengo hili hula sarafu.
Tetri ishirini kupanda. Kushuka ni bure, wanasema,
ila mlango wake una sentimita hamsini na nane
na kiti cha Nazibrola kina sitini na tatu.
Nimepima mara mbili, nimeandika kwa wino.
Sentimita tano:
upana wa vidole vyangu vitatu,
miaka kumi na mmoja ya maisha yake.

Mimi natembea kwa magongo.
La kushoto limelika mpira, hulia kwenye vigae kama bata,
basi Kutaisi nzima hujua nimefika kabla sijabisha.
Begani nina futikamba, pimamaji,
na dodoso la kurasa tisa lililotungwa Tbilisi
na waungwana waliokaa mezani.
Nami nilikuwa mmoja wao.

Swali la kumi na nne:
Mwezi uliopita, umetoka nje mara ngapi?

Nazibrola anakoroga chai, hana haraka.
"Nje ipi?"

Ananitangulia hadi roshani.
Kuna kikapu, na kamba ya nailoni ya kijani
iliyopauka pale mikono inaposhika.
Anakishusha ghorofa nane. Chini, Badri muuza mkate
anachukua hela, anaweka mkate wa moto,
anavuta kamba mara mbili, kama mtu anayepiga hodi.
Mzabibu wa jirani umepanda ukutani hadi ghorofa ya tano
bila kuomba kibali, bila kulipa sarafu.

"Kikapu kimetoka mara thelathini," anasema.
"Kiandike hicho."

Dodoso halina kisanduku cha kikapu.
Nikaanza kuandika sifuri.
Akanishika mkono, kalamu ikateleza.
"Usiandike sifuri. Andika: bado."

*

Ofisini kwa Bwana Murtazi
kahawa iliagizwa kupitia kwa dereva wangu.
"Muulize kama anaweka sukari."
Zaza akatazama dari. "Muulize mwenyewe, bwana.
Mimi nimeajiriwa naye."

Njia ya mteremko wameshajenga, akasema, na picha akatoa:
utepe mwekundu, mkasi, tabasamu.
Njia hiyo naijua. Niliilalia tumboni mwezi Machi, kwenye tope,
nikisoma pimamaji: inapanda kama ngazi ya kuku
na kileleni imekumbatia nguzo ya umeme.

"Isitoshe," akasema, "mtaa ule napita kila siku.
Sijaona mtu wa kiti cha magurudumu hata mmoja."

Niliiacha sentensi hiyo ikae mezani, ipoe pamoja na kahawa.
Nilitaka aisikie yeye mwenyewe.
Hakuisikia.
Nikaiandika ukurasa wa arobaini, neno kwa neno,
na jina lake chini.

*

Novemba nikampelekea taarifa. Kurasa sitini na mbili.
Mvua, umeme umekatika, lifti imekufa na sarafu zangu tumboni.
Ghorofa nane kwa magongo: dakika thelathini na sita,
na matusi ambayo mama yangu asingependa kuyasikia.

Alisoma pale alipotajwa. "Umenifanya mpole mno."
Kisha akaivika mfuko wa plastiki,
akaifunga kalamu kwa uzi, akatia vyote kikapuni,
akashusha.

Tulikunywa chai mara tatu. Kamba haikutikisika.
Nikaanza kusema maneno yangu ya mikutanoni,
kwamba mabadiliko huchukua muda.
"Nyamaza," akasema, "utaniharibia."

Kamba ikavutwa mara mbili.

Kikapu kilipanda kizito kuliko kilivyoshuka.
Juu, mikate miwili ambayo hatukuiagiza.
Chini yake, nyuma ya ukurasa wa mwisho,
saini kumi na saba, nyingine zimelowa,
na alama ya kidole gumba, nyeupe, ya unga.

Hiyo ya unga sikuweza kuinukuu katika barua ya mahakama.
Nimeiambatisha hivyo hivyo.
Kielelezo cha tatu.
Ikishikwa vibaya, itapukutika.